Deni Lililosomwa Kuwa Sifa: Kwa Nini Neno Moja la Kiingereza Hubeba Maana Nyingi

Jirani yangu mmoja hapa Ngamiani, Tanga, ana genge la vitunguu, nyanya na viazi. Alikopa fedha kwenye taasisi moja ya mikopo midogo ili aongeze mtaji, na marejesho akawa analipa vizuri tu mpaka mvua za masika zilipomharibia biashara. Miezi miwili ikapita bila rejesho, ikaja barua. Barua ya Kiingereza. Yeye Kiingereza hajui, lakini ana kijana wake wa kidato cha pili, na katika nyumba nyingi za mji huu kijana wa namna hiyo ndiye mkalimani wa ukoo mzima. Dawa ikija na karatasi yake, anasoma yeye. King'amuzi kikigoma, anaitwa yeye.

Kijana akasoma. Mstari wa kwanza ulikuwa na maneno "outstanding balance". Hilo "outstanding" alikuwa analijua sana, maana mwalimu aliliandika kwenye ripoti yake ya shule, pembeni ya somo la Baiolojia: bora sana. Na "balance" alilijua pia, kwa sababu ya "balanced diet", ule mlo kamili wenye uwiano. Akamwambia mama yake kwamba wanamsifu, hesabu zake zina uwiano mzuri kabisa. Mama akamshukuru Mungu, akaikunja barua, akaiweka kwenye mkoba wa vyeti. Wiki tano baadaye wakaja watu wawili na pikipiki wanaulizia friji.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na barua ile ilinijia ikiwa imeshachelewa. Kesi za namna hii nimeziona nyingi, na kila mara husikia maelezo yaleyale: mtoto hasomi, shule zetu mbovu, Kiingereza kigumu. Kwa kijana huyu hayo yote si kweli. Maana zote mbili alizozitoa zipo kwenye kamusi, na alizijua kwa moyo. Kilichomponza ndicho hicho, kuzijua. Neno usilolijua hukusimamisha, ukauliza. Neno unalodhani unalijua hukupitisha mbio, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Katikati ya barua ile kulikuwa na sentensi moja fupi ambayo kijana aliiruka: "Interest will be charged on the outstanding principal." Nataka tuifungue sentensi hiyo polepole, kwa sababu ndani yake mna karibu kila mtego ambao Kiingereza humtegea msomaji. Maana yake ni hii: riba itatozwa juu ya kiasi cha mkopo ambacho bado hakijalipwa. Lakini kwa mtu aliyejifunza Kiingereza darasani, "interest" ni hamu au jambo linalokuvutia, "charged" ni simu iliyochajiwa, "outstanding" ni bora sana, na "principal" ni mkuu wa chuo. Maneno manne, na kwenye barua ile hakuna hata moja lililomaanisha alichofundishwa.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna maneno yanayoandikwa sawa na kutamkwa sawa, ila maana zake ni mbalimbali. Kuna yanayoandikwa sawa lakini mdomoni yanaachana. Na kuna yale yanayokaribiana tu kwa sura, herufi moja imebadilika au imehama, jicho likapita bila kugundua. Wanaisimu wana majina ya kitaalamu ya kila kundi, hapa hatuyahitaji.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina usumbufu huu. Kinao, tena mwingi, ila tumezaliwa ndani yake hatuuoni. Mtume mtoto jikoni akuletee mbuzi, hawezi kukuletea beberu. Nazi imeshavunjwa na anajua unataka kukuna. Taa hukaa ukutani na taa huogelea baharini. Kaa ana magando, na kaa la moto liko jikoni. Tai huruka, na tai huvaliwa harusini. Tunaishi na maneno haya kila siku bila kugongana, na siri yake kubwa ni upatanisho wa ngeli. Nikisema "taa huyu", hata kabla sijamaliza sentensi umeshajua nazungumzia samaki, pengine aliyeletwa asubuhi pale mwalo wa Deep Sea. Nikisema "taa hii", unatafuta swichi. Mbuzi huyu anakula majani, mbuzi hii inakuna nazi. Kaa huyu, kaa hili. Kiambishi kimekaa mlangoni kama mlinzi, kinakwambia ni nani anaingia.

Kiingereza hakina mlinzi huyo. "This" ni moja tu, kwa mtu, mnyama, deni na bahari. Kwa hiyo Mswahili anapoingia kwenye sentensi ya Kiingereza huwa ameacha mlangoni chombo alichokizoea tangu utotoni, bila kujua kwamba amekiacha. Hili naliona ni jambo zito kuliko wingi wa msamiati, na sijui kwa nini halisemwi zaidi madarasani.

Badala ya ngeli, Kiingereza huweka dalili kwenye vineno vidogo vinavyofuata na kwenye majirani wa neno. Chukua "interest". Ukiwa na "interest in football", unapenda mpira. Ukidaiwa "interest on a loan", unalipa riba. Tofauti yote imebebwa na "in" na "on", herufi mbili mbili ambazo msomaji mwenye haraka huzipita kama kokoto. "Charged" nalo liko hivyohivyo: mtu aliye "charged with theft" ameshtakiwa kwa wizi, lakini pesa zilizo "charged to your account" zimekatwa kwenye akaunti yako, na simu iliyo "charged" imejaa moto.

Je, maana hizi zilikutanaje ndani ya neno moja? Mara nyingi ukichimba mzizi unakuta shina moja. Mzizi wa "charge" ni neno la Kilatini la gari la mizigo. Maana ya mwanzo ilikuwa kupakia. Ukishajua hivyo, mambo hujipanga: betri hupakiwa umeme, mshtakiwa hutwishwa kosa, mteja hubebeshwa gharama. Hata neno "cargo", shehena, limetoka kwenye mzizi huohuo. Kuli wa bandari yetu na mtu anayechaji simu kibandani, kwa macho ya neno hili, wanafanya kazi moja.

"Interest" lina historia ambayo inagusa watu wa pwani moja kwa moja. Kilatini chake kilimaanisha kuwa kati, kuhusika na jambo. Ulaya ya zama za kati, Kanisa lilikataza riba kama Uislamu unavyoikataza. Wakopeshaji wakawa hawadai faida ya mkopo, wanadai fidia ya hasara inayomhusu mkopeshaji pale mkopaji anapochelewa. Fidia hiyo ndiyo iliyobeba jina hili, na baadaye jina likabaki kwenye riba yenyewe. Tawi lingine likaenda kwenye hisia: jambo linalonihusu, linalonivuta. Na lingine likaenda kwenye maslahi na haki, ndiyo maana kwenye hati ya shamba mtu anaweza kuwa na "interest in the land" bila kulipenda wala kulichukia. Ana haki ndani yake. Hapo tahadhari, kwa sababu hii "in" ni ileile ya mpira, na sasa kinachoamua ni aina ya karatasi uliyoshika mkononi.

"Outstanding" ni rahisi kuliko yote ukilitazama kwa Kiswahili. Limeungwa kutokana na kusimama na nje. Mwanafunzi aliyejitokeza kuwapita wenzake amesimama nje ya kundi, huyo ni bora. Deni ambalo halijarudi nalo limesimama nje. Si ndivyo tunavyosema wenyewe? Mwenye genge akiulizwa mtaji umekwenda wapi, hujibu: "Pesa zangu ziko nje." Kijana wetu alikuwa na tafsiri sahihi mdomoni mwa mama yake siku zote, hakuna aliyemwonyesha tu kwamba neno ndilo hilo.

Na "principal" limetokana na Kilatini cha "wa kwanza". Mkuu wa chuo ni wa kwanza chuoni, na kiasi ulichokopa mwanzo, kabla riba haijaanza kukua juu yake, ni fedha ya kwanza. Linafanana mno na "principle", ambalo ni kanuni au msingi. Haya mawili hutamkwa sawasawa kabisa na yana asili moja, kwa hiyo usitegemee sikio likusaidie. Hapo ni jicho tu, "pal" au "ple".

Lakini si kila maana mbili zina shina moja. Wakati mwingine ni wageni wawili waliovaa kanzu inayofanana. Siku timu zinapokutana uwanja wa Mkwakwani kuna "match", mechi. Na kiberiti mfukoni ni "match" pia. Mechi ilitokana na neno la zamani la Kiingereza la mwenza, anayelingana nawe. Kiberiti kimetokana na neno la Kifaransa la utambi. Hawana udugu, wamekutana tu njiani wakakuta wameandikwa sawa. Kamusi nzuri hukuonyesha tofauti hiyo: maneno yasiyo na udugu hupewa maingizo mawili yenye vitarakimu vidogo, na matawi ya neno moja huhesabiwa ndani ya ingizo moja. Kamusi zetu za Kiswahili hufanya vivyo hivyo, fungua "paa" au "kaa" utaona. Watu wengi wana kamusi nyumbani miaka kumi na hawajawahi kuambiwa vitarakimu vile ni vya nini.

Kwa watu wa Tanga yuko "plant", ambaye nimemwona akileta ubishi kwenye tangazo la kazi. "Sisal plant" ni mche wa mkonge au kiwanda cha mkonge? Ni vyote viwili. Kilatini chake ni chipukizi, kitu cha kupandwa. Na kiwanda nacho kiliitwa hivyo kwa kuwa kimesimikwa mahali pake kama mti. Tangazo linalotafuta "plant operator" halitafuti mkulima, linatafuta mwendesha mitambo. Kijana aliyekuwa na uzoefu wa shamba alikwishaandaa barua ya maombi akieleza anavyojua kupalilia.

Hata mabaharia, watu ambao kosa la neno linaweza kuwazamisha, walishindwa na jambo hili kwa karne kadhaa. Kwenye meli za Waingereza upande wa kulia uliitwa "starboard" na wa kushoto "larboard". Upepo ukivuma, mawimbi yakipiga, amri ikipigiwa kelele kutoka tezi hadi omo, sikio lilisikia "-board" tu. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru neno "larboard" liachwe, upande wa kushoto uitwe "port". Sababu ya kuchagua neno hilo ilikuwepo: zamani usukani ulikaa ubavu wa kulia, kwa hiyo chombo kilipofunga bandarini kilielekeza ubavu wa kushoto. Basi wakatatua tatizo la maneno mawili yanayofanana kwa kuongeza maana mpya kwenye neno ambalo tayari lilimaanisha bandari! Leo "port" ni bandari, ni upande wa kushoto wa chombo, ni tundu la kuchomekea waya kwenye kompyuta, na ni mvinyo wa Ureno uliopewa jina la mji wa Porto. Na neno "bow" likiandikwa kwenye karatasi ya chombo, litamke "bau", ni omo. Likiandikwa kwenye hadithi ya wawindaji litamke "bo", ni upinde.

Hapo tumeshaingia kundi la pili, la maneno yenye sura moja na sauti mbili. Hili huonekana la ajabu kwetu kwa sababu tumezoea kwamba herufi ikiandikwa inasomwa. Lakini muulize mzee anayesema Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu ya Tanga, aseme paa la nyumba, halafu aseme paa mnyama wa porini. Msikilize kwa makini. Kwenye mnyama, midomo yake hutoa pumzi kidogo, na kwenye nyumba haitoi. Herufi zetu hazionyeshi pumzi hiyo. Au chukua "barabara". Gari linapita barabara, mkazo uko kwenye "ba" ya pili. Kazi imefanyika barabara, mkazo umehamia kwenye "ra" ya kwanza. Maandishi ni yaleyale.

Kiingereza kina mamia ya "barabara". "Contract" ukikazia mwanzo, KON-trakt, ni mkataba. Ukikazia mwisho, kon-TRAKT, ni kusinyaa au kupata ugonjwa. Ndiyo maana habari za afya husema mtu ame-"contract malaria" na hakuna aliyesaini chochote. "Invalid" ukikazia mwanzo ni mgonjwa asiyejiweza, ukikazia katikati ni kitu batili, kama kadi iliyoisha muda. Desturi ni kwamba mkazo wa mwanzo mara nyingi huashiria jina la kitu, na mkazo wa nyuma huashiria tendo au sifa. Si sheria ya chuma, lakini hukufikisha mbali.

Mfano ulio hai zaidi hapa kwetu ni "content". Tangu bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, lipangiwe kuishia Chongoleani, maneno "local content" yamekuwa midomoni mwa kila mtu. Nimekaa kwenye kikao ambapo kijana aliuliza kwa dhati kabisa kama mradi unahitaji watu wa kurekodi video, kwa sababu kwake "content" ni ile ya mitandaoni. Wapo waliocheka. Mimi sikuona cha kuchekwa. Maana aliyoijua ni ya kweli na ndiyo inayosikika zaidi siku hizi. Kwenye miradi, "content" ni kile kilichomo ndani, na "local content" ni kiasi cha kazi, bidhaa na huduma za wenyeji kinachotakiwa kuwemo ndani ya mradi. Kwa maneno mengine, kijana aliuliza swali kuhusu haki yake mwenyewe bila kujua kwamba ndiyo inayozungumzwa. Na ukihamisha mkazo ukasema kon-TENT, umesema mtu aliyeridhika.

Mengine nitayapita haraka. "Lead" ukilitamka "liid" ni kuongoza, "led" ni risasi, ile madini. Kopo la rangi lililoandikwa "lead free" halina sumu hiyo. "Tear" ni chozi ukisema "tia", ni kuraruka ukisema "tea", na kwenye mkataba wa kupanga nyumba "wear and tear" ni uchakavu wa kawaida, hakuna anayelia. Ila "minute" sitaipita. Ikitamkwa "minit" ni dakika, ikitamkwa "mainyut" ni kitu kidogo mno. Ni neno moja la Kilatini: saa iligawanywa katika sehemu ndogo za kwanza, na hizo zikagawanywa tena katika sehemu ndogo za pili, ndipo likaja jina la sekunde, ya pili. Sasa tazama Kiswahili. "Dakika" tumeipata kutoka Kiarabu, na huko mzizi wake ni chembamba, kidogo sana. Lugha mbili zilizo mbali hivyo ziliita kitu kimoja kwa wazo lilelile. Nilipoligundua hili nilikaa kimya kwa muda.

Watu huuliza kwa nini Waingereza hawakunyoosha tahajia yao. Sababu kubwa ni wakati. William Caxton alianza kupiga chapa vitabu Uingereza mwaka 1476, na kupiga chapa kukaanza kugandisha maandishi. Lakini matamshi yalikuwa bado yanatembea. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama karibu zote. Ile "k" ya "knight" ilikuwa inatamkwa, na "gh" yake ilikuwa sauti inayokaribia "kh" ya "kheri". Ni sawa na mtu aliyepigwa picha ya kitambulisho akiwa kijana. Amezeeka, uso umebadilika, kitambulisho ni kilekile. Kiswahili tulikiwekea tahajia sanifu ya herufi za Kirumi juzi tu, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikiundwa mwaka 1930, kwa hiyo picha yetu na uso wetu bado vinafanana. Wala Kiingereza hakina chombo kama BAKITA cha kukaa na kuamua.

Kundi la tatu, la sura zinazokaribiana, liko kwenye vibao vya mji. Tembea barabara za Ngamiani uangalie maduka ya fotokopi. Kibao kimoja kimeandikwa "stationery", cha pili "stationary". Chenye "e" ni karatasi na kalamu. Chenye "a" ni kitu kisichosogea. Mwandika kibao hajakosea mbali sana, maana zamani muuza vitabu aliyekuwa na kibanda cha kudumu aliitwa kwa neno hilo la kutosogea, kumtofautisha na wachuuzi wa kutembeza, na vifaa vyake vikachukua jina lake. Kwenye wasifu wa kazi hatari ni "diary" na "dairy", shajara na shughuli ya maziwa. Katika mkoa wenye wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, ukiandika "I keep a dairy" mwajiri atakuamini.

Kuna imani mbili ambazo ningependa ziondoke. Ya kwanza ni kwamba maana ya kwanza kwenye kamusi ndiyo "halisi" na nyingine ni za ziada. Sivyo. Maana halisi ni ile iliyokusudiwa na karatasi uliyonayo. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana zaidi ya mia nne. Hakuna aliyezihifadhi. Imani ya pili ni kwamba simu itatafsiri. Programu za kutafsiri zimekuwa nzuri sana, lakini nazo hutegemea majirani wa neno. Ukiipa sentensi nzima mara nyingi itapata. Ukiipa neno moja, kama wengi wafanyavyo, itakisia, na "outstanding" pekee yake itakurudishia sifa. Piga picha aya yote.

Wala anayekosea hapa asionewe aibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Winston Churchill alieleza jinsi maofisa wa Uingereza na Marekani walivyobishana kwa muda mrefu juu ya hati moja, Waingereza wakitaka wai-"table", Wamarekani wakikataa. Kwa Waingereza neno hilo lilimaanisha kuileta mezani ijadiliwe mara moja. Kwa Wamarekani lilimaanisha kuiweka kando. Wote walitaka kitu kimoja, na wote Kiingereza kilikuwa lugha ya mama zao. Hatari ya namna hii iko hata kwenye mikopo: "sanction" kwenye taarifa ya habari ni vikwazo, lakini "sanctioned amount" kwenye fomu ni kiasi kilichoidhinishwa.

Jirani yangu alifuata ushauri nilioutoa: akaenda ofisini kwao na mwanawe, akaomba maelezo ya deni kwa Kiswahili, yameandikwa na kupigwa muhuri. Wakampa, wakapanga upya marejesho. Friji lipo.

Jioni moja kijana alikuja kwangu na barua ileile ya zamani, ameipigia mistari kwa penseli. Ameshaandika "riba", "itatozwa", "lisilolipwa", "fedha ya mkopo". Alikuwa amebakiwa na neno moja ameliwekea mviringo.

"Shikamoo mwalimu. Hii 'balance', mbona nyuma ya mzani wa mama pia imeandikwa?"

Nikamwambia kwamba mzani ndiyo maana yenyewe ya mwanzo, Kilatini chake ni sahani mbili. Ukiweka ulichokopa huku na ulicholipa huku, kinachobaki ili sahani zilingane ndiyo "balance" ya barua, salio. Na chakula cha shuleni kikilingana pande zote kinaitwa "balanced". Akaitazama karatasi kidogo, akaandika "salio" pembeni, kisha akachukua ufutio akafuta neno "uwiano" ambalo alikuwa ameliandika tangu siku ya kwanza.